Kovu la mama lililofutwa na filta

Mjomba aliitazama picha kwa muda mrefu bila kusema neno. Tulikuwa tumeitundika sebuleni, ukuta wa mbele, imechapishwa kwa ukubwa wa A3 na kuwekwa kwenye fremu mpya. Ilikuwa picha ya marehemu mama yangu, dada yake, tuliyoiandaa kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu ya miaka kumi tangu atutoke. Binti yangu, kifungua mimba, ndiye aliyeichora kwa simu kutoka kwenye picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe. Majirani walikuwa wameisifu tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri mjomba naye aisifu.

"Mwanamke mzuri," alisema mwishowe. "Lakini huyu si dada yangu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Nilimwona anavyolishika kwa nguvu.

"Kovu liko wapi?" mjomba aliuliza.

Mama alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, limepinda kama mundu mdogo. Sisi watoto wake tulilizoea hata tukaacha kuliona. Kwenye picha yetu mpya halikuwepo. Paji la uso lilikuwa laini kama la msichana wa kwenye tangazo la sabuni, na ngozi ilikuwa nyeupe kuliko yangu, wakati mama alikuwa mweusi wa kung'aa.

"Lile kovu nililiweka mimi," mjomba alisema. "Tulikuwa tunapalilia mahindi, nina miaka saba. Nikarusha jembe nyuma bila kuangalia. Baba alipouliza, yeye akasema ameanguka kwenye jiwe. Mpaka baba anakufa hakuwahi kunisema."

Kisha akapokea chai yake, akamshukuru mjukuu wake, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Mzazi mwenzangu, naomba niseme mapema kwamba kosa lile halikuwa la binti yangu peke yake. Alipoanza kuichora picha ile, mimi ndiye niliyesimama nyuma ya bega lake nikamwambia, "Mng'arishe bibi yako kidogo." Alipomng'arisha nikasema, "Bado, ongeza." Nilitaka mama apendeze mbele ya wageni. Na kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nimeiita kazi ya binti yangu "kuchezea simu", siku ile nilifurahi kuona simu imefanya kitu cha maana, nikawa bosi wa kazi nisiyoijua.

Baada ya wageni kuondoka nilimwambia jambo ambalo nililiona rahisi. "Si urudishe tu nyuma? Bonyeza pale, kovu lirudi."

"Mama, hairudi," alisema. "Nikishafunga programu, kile kitufe cha kurudi nyuma hakikumbuki tena nilichofanya jana."

"Basi anza upya na picha ya kwanza."

Hapo ndipo alipoanza kulia. Simu yake ilikuwa imejaa. Alikuwa ameunganisha matabaka yote ya mchoro yakawa picha moja, akaihifadhi juu ya ile ya mwanzo ili apate nafasi. Na picha ya karatasi yenyewe, iliyopigwa studio ya Korogwe mama akiwa msichana, nilikuwa nimeiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa imekaa miaka mingi ndani ya fremu, imegandana na kioo kwa unyevu. Siku moja niliamua kufuta kioo kwa ndani, nikaivuta. Karatasi ilitoka, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Nawaomba mlio na picha za namna hiyo: ikigandana na kioo msiivute. Ipigeni picha hapohapo ikiwa ndani ya kioo, pembeni ya dirisha ili mwanga usiakisi, kisha iacheni.

Kwa hiyo tulikuwa na uso mmoja tu wa mama akiwa msichana, na uso huo haukuwa wake.

"Ulitumia filta zipi?" nilimuuliza.

"Kama saba. Au tisa. Ya kulainisha, ya mwanga, ile ya urembo, ya rangi ya joto. Sikumbuki nilianza na ipi. Na kila moja ina nambari zake, sikuandika."

Sikuandika. Neno hilo lilinigusa kuliko alivyodhani, maana mimi ni fundi cherehani. Juu ya meza yangu ya kukatia kuna daftari ambalo halitoki hapo. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Mteja akirudi baada ya miaka miwili akaniambia, "Nishonee kama lile la harusi ya dada," nafungua ukurasa wake, naona vipimo, naona na maelezo: mkono wa puto, zipu ya pembeni, bitana nyepesi. Sikumbuki gauni lile, daftari ndilo linalokumbuka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeula mkate wangu kwa methali hiyo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wangu, anayefanya kazi kwa kidole juu ya kioo cha simu, naye ni fundi anayehitaji daftari.

Kwa wiki mbili hakuchora kitu. Simu aliishika kwa kupiga na kutuma ujumbe tu. Nilikuwa nimeomba kwa miaka aache kuinamia simu, na alipoacha nikaona nyumba imepoa. Jioni moja nikamwita kwenye meza yangu, nikamwekea kipande cha karatasi ngumu ya kukatia mitindo na kalamu. Nikamwambia, "Nifundishe. Filta inafanya nini hasa?"

Alinifundisha, na nitawaeleza kama nilivyoelewa.

Picha ya simu imejengwa kwa nukta ndogo sana. Katika picha ya kawaida, kila nukta ina nambari tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila nambari iko kati ya 0 na 255. Sifuri ni giza, 255 ni mwanga uliofika mwisho. Filta ni hesabu tu. Inapita juu ya nukta zote na kuzibadilisha nambari zake.

Akaandika nambari mbili, 230 na 250. "Hizi ni nukta mbili kwenye shavu la bibi," alisema. "Nikiongeza mwanga kwa 40, ya kwanza inatakiwa iwe 270, ya pili 290. Lakini mwisho ni 255, kwa hiyo zote zinagota hapo. Sasa nikijuta nikapunguza 40, zote zinakuwa 215. Ile tofauti ya 20 iliyokuwa kati yao haipo tena. Shavu limekuwa bapa."

Kisha akaandika 60, 120, 60. Hilo lilikuwa kovu: mstari mwembamba unaong'aa katikati ya ngozi nyeusi. Filta ya kulainisha huchukua nukta pamoja na majirani zake na kutafuta wastani. Jumla ni 240, gawa kwa tatu, unapata 80. Kovu lililokuwa 120 likawa 80, likazama kwenye ngozi. "Na ukibaki na 80," alisema, "huwezi kujua ilitoka wapi. Hata 70, 80 na 90 wastani wake ni 80."

Nilielewa. Nikikata kitambaa kifupi siwezi kukirefusha kwa kujua tu kwamba nilikosea.

Nikamuuliza kwa nini mpangilio wa filta unamsumbua. Akanipa mfano ambao mzazi yeyote anaweza kuujaribu leo kwenye simu yake. Chukua picha ya rangi, ondoa rangi zote, kisha ipake wekundu wa kahawia. Unapata picha ya kizamani yenye rangi ya kahawia. Sasa rudi mwanzo, anza na kahawia, kisha ondoa rangi zote. Unabaki na nyeusi na nyeupe. Filta ni zilezile mbili, matokeo ni mawili tofauti. Kwetu mafundi tunalijua jambo hili. Kitambaa cha pamba ukikilowesha kwanza ndipo ukakata, gauni linakaa. Ukikata kwanza, mteja akalifua, linarudi na kumbana.

Ndiyo maana kukumbuka majina ya filta peke yake hakutoshi. Unahitaji jina, nambari, na zamu yake.

Watengenezaji wa programu waliliona tatizo hili zamani. Photoshop ilipata matabaka ya marekebisho katika toleo lake la 4, mwaka 1996, na mwaka 2007, katika toleo la CS3, zikaja filta zinazokaa juu ya picha bila kuigusa ile ya chini. Krita, programu ya kuchorea isiyolipiwa, nayo ina matabaka ya filta ya namna hiyo. GIMP, nyingine ya bure, iliongeza uwezo huo katika toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025. Ukihifadhi kazi katika faili la programu yenyewe, kesho unaifungua na kukuta kila filta iko pale na nambari zake, unaweza kuizima au kuibadilisha.

Nilipoelezwa hivyo nilicheka. "Hiyo kwetu inaitwa kupiga bandi," nilimwambia. Unashikiza nguo kwa mishono mirefu ya uzi, mteja anaivaa, mnaangalia. Ikikosea unafumua, kitambaa kizima. Ukishapita na cherehani na kukata pindo, hapo umemaliza.

Lakini si kila kijana ana kompyuta. Wa kwangu ana simu tu, na watoto wetu wengi ndivyo walivyo. Kwa simu ametengeneza njia yake: kabla ya kuweka filta yoyote ananakili tabaka kwanza, anaficha la zamani, anaweka filta kwenye nakala. Simu ikijaa anahamishia kwenye flashi badala ya kuunganisha. Zipo programu za simu, ibis Paint X ikiwa mojawapo, ambazo hurekodi video ya mchoro ukikua hatua kwa hatua. Video hiyo inapendeza kuitazama, lakini inaonyesha picha ikibadilika, haikupi orodha ya nambari. Nambari mtu anaziandika.

Nikampa daftari jipya, kubwa kama langu. Tukapiga mistari pamoja. Alitaka safu tano: tarehe, jina la faili, tabaka, filta, nambari. Mimi nikaongeza ya sita, "kwa nini". Akaniuliza ya nini hiyo. Nikamwonyesha kwenye daftari langu ukurasa wa mteja mmoja, nilipoandika "kiuno ongeza inchi mbili", na pembeni, "mjamzito". Bila hilo neno la pembeni, mwaka uliofuata ningemshonea gauni kubwa bure.

Ilibaki shida yenyewe. Tuna daftari, hatuna picha.

Aliyetuokoa ni mjomba, bila kujua. Binti alikumbuka kwamba siku alipoipiga picha ile ndani ya fremu, kabla sijaivuta, alikuwa amemtumia babu yake kwa WhatsApp kumuuliza bibi alikuwa na umri gani pale. Babu hakujibu, maana anatumia simu kwa kupiga tu, mengine anamwachia mjukuu anayeishi naye. Tulimpigia. Mjukuu yule akapekua, akasema ipo. Mjomba hafuti kitu kwa sababu hajui kufuta.

WhatsApp huipunguza picha inapoituma, kwa hiyo iliyoturudia ilikuwa ndogo kuliko tuliyoipoteza. Lakini haikuwa imeguswa na filta. Binti aliikuza kwenye kioo cha simu kwa vidole viwili, na pale juu ya nyusi ya kushoto, hafifu, palikuwa na mundu.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kuchora. Aliiita "bibi_00_asili", akaiweka kwenye flashi, akanitumia kwenye barua pepe yangu, kisha akaandika mstari wa kwanza wa daftari: asili, haiguswi. Akanifafanulia pia kwamba picha za JPEG hupoteza kidogo kila unapozifanyia kazi na kuzihifadhi upya, kwa hiyo nakala za kufanyia kazi aliziweka kama PNG, ambayo inakula nafasi zaidi lakini haipotezi.

Kazi ya pili ilichukua karibu mwezi, kwa sababu safari hii hakuwa peke yake. Kila Jumapili alimpigia babu yake. "Shikamoo babu. Bibi alikuwa mweusi kama nani?" Mjomba akamtajia shangazi mmoja ambaye binti anamjua, akaenda kumtazama shangazi mchana kweupe na kuchagua rangi kwa kumwangalia. Ile filta ya urembo hakuigusa. Nambari zake zilipangwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona mama yangu, na ikikutana na uso wowote inaufanyia yaleyale: inalainisha, inang'arisha.

Kulainisha kidogo kulihitajika, maana picha iliyopunguzwa ina chengachenga. Nimelifungua daftari ninapoandika haya, na mstari wenyewe unasema hivi: "Tabaka la 4. Kulainisha, kipimo 2, ukolezi asilimia 30. Mashavu na ukuta wa nyuma tu. Kwa nini: chenga za WhatsApp. Paji la uso lisiguswe." Mstari wa chini yake: "Tabaka la 5. Mwanga, ongeza 12. Kwa nini: studio ilikuwa na giza. Nilijaribu 25, shavu likawa bapa, nikarudi 12."

Huo mstari wa pili naupenda kuliko picha yenyewe. Mtoto wangu alikosea, akaona amekosea, akarudi, na ameandika aliporudia. Zamani makosa yake alikuwa akiyafuta nisiyaone.

Tuliichapisha kwa A4, maana ukubwa wa A3 ungeonyesha chenga. Nilimpelekea mjomba mwenyewe kwa basi. Aliishika karibu na macho, akapitisha kidole gumba juu ya kioo cha fremu, palepale kwenye nyusi. Hakusema kama anafanana au hafanani. Aliuliza nani atamfungia msumari.

Wazazi wenzangu, wengi wenu mnasoma haya kwenye simu, na huenda mtoto yuko chumba cha pili ameinamia yake. Huenda anachora kweli. Huenda ameshaanza kupata wateja wa picha za harusi, za kipaimara, za marehemu. Huna haja ya kujua programu anayotumia. Muulize maswali matatu ambayo fundi yeyote angemuuliza mwanafunzi wake: Ya asili iko wapi? Umeifanya nini, kwa zamu gani? Kwa nini? Akishindwa kujibu la pili usimgombeze, mnunulie daftari. Kama anapenda kuandika kwenye simu, mwache aandike humo, au apige picha ya kioo kila anapoweka filta ili nambari zionekane. Ila iwe sehemu moja, siku ileile. Kesho hatakumbuka kama ilikuwa 12 au 25, kama mimi nisivyokumbuka kiuno cha mteja wa Jumanne.

Na ukiwa wewe ndiye umesimama nyuma ya bega lake, jihadhari na neno "ongeza". Mimi nililisema mara mbili, likamfuta mama yangu usoni mwake. Nilimwomba binti msamaha kwa hilo. Alisema si kitu, lakini niliona ameliandika. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kazi ile, safu ya "kwa nini", mbele ya kovu, kuna maneno haya: "Libaki kama lilivyo. Babu ndiye aliyeliweka, na bibi hakumsema."

Ukurasa unaofuata ni wa mteja. Ni bibi harusi, anataka ang'arishwe. Binti ameandika: "Mwanga, ongeza 10. Kwa nini: ameomba. Asili ipo kwenye flashi."